Ninavyoitunza blogu yangu ya mashairi kwenye seva yangu mwenyewe

Blogu yangu imebeba mashairi ya wazee wa Mombasa na Lamu. Mengi niliyanakili kutoka kwenye kanda za kaseti na madaftari yaliyokwisha kuguswa na mchwa, na baadhi ya walioyatunga wametangulia mbele ya haki. Sikutaka yakae kwenye jukwaa la bure ambalo mwenyewe anaweza kulifunga akiamka tu. Nikakodi seva ndogo, yaani kompyuta inayokaa mtandaoni muda wote, nikaweka mfumo endeshi wa Debian na WordPress, programu ya kuendeshea blogu, na kodi nalipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay. Mpaka hapo hapana ugumu. Kazi iko kwenye kuitunza.

Wanaobisha hodi hawakungoji uwe maarufu. Nilipofungua kumbukumbu za seva, hata anwani sijampa mtu, nilikuta mistari inafuatana: Failed password for root (yaani nywila ya root, msimamizi mkuu wa seva, imekosewa), halafu Invalid user admin, halafu test, halafu oracle. Hakuna aliyenikusudia mimi. Ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikijaribu kila mlango. Kwa hiyo niliondoa kabisa kuingia kwa nywila. Nilitengeneza jozi ya funguo za kidijitali aina ya ed25519 kwenye laptopu, mmoja wa siri na mmoja wa wazi, ule wa wazi nikaupeleka kwenye seva, kisha ndani ya sshd_config, faili la mipangilio ya SSH (njia ya kuingilia seva kutoka mbali), nikaandika PasswordAuthentication no na PermitRootLogin no. Hapa nakusihi: usifunge dirisha ulilomo. Fungua la pili, uhakikishe ufunguo unakubali na jina lako la kawaida linaweza kutumia sudo (amri inayokupa mamlaka ya msimamizi), ndipo ulifunge la kwanza. Baada ya hapo nikawasha ufw, programu ya ukuta wa moto, na kuacha wazi milango ya 22 (ya SSH), 80 na 443 (ya tovuti) tu. Hifadhidata, yanamokaa maandishi ya blogu, inasikiliza 127.0.0.1, yaani seva yenyewe tu, haionekani kutoka nje.

Kwa upande wa WordPress, adui mkubwa ni plagini, vile viprogramu vya kuongezea. WordPress yenyewe hujisasisha masasisho madogo tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, lakini plagini hazifanyi hivyo mpaka uziruhusu, na ruhusa hiyo ipo tangu toleo la 5.5. Mimi nimebakisha chache mno. Plagini nisiyoitumia naifuta. Kuizima hakutoshi, kwa sababu mafaili yake bado yako kwenye seva na yanaweza kufikiwa. Nimefunga pia xmlrpc.php, faili linaloruhusu programu za nje kuingia kwenye blogu, maana sina programu inayoihitaji, na ukurasa wa kuingilia unadai namba ya pili kutoka kwenye simu.

Lakini kama una saa moja tu ya kuitunza blogu yako, itumie kwenye nakala rudufu. Kila usiku seva inatoa nakala ya hifadhidata kwa amri ya mysqldump na kuifunga pamoja na folda ya picha. Nakala moja inakwenda kwa kampuni nyingine, siyo ile inayonikodisha seva, na nyingine naishusha kwenye diski ya nyumbani. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba, seva iliyoko Ulaya ilifikika kwa kusuasua, lakini mashairi yote nilikuwa nayo mkononi. Muhimu zaidi, nakala zisifutike kwa ufunguo ulioko kwenye seva. Akiingia mwizi, atakachokitafuta mapema ni hizo nakala.

Na nakala ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu. Nilipoirejesha yangu kwenye laptopu, kila kitu kilionekana sawa mpaka nikasoma ubeti mmoja kwa sauti: ng’ombe alikuwa amegeuka ngâ€™ombe, na ng’ambo vivyo hivyo, blogu nzima. Seva ilikuwa haina kosa; ni nakala iliyotolewa kwa seti nyingine ya herufi, yaani mfumo mwingine wa kuhifadhi herufi. Niliongeza --default-character-set=utf8mb4, inayotaja seti sahihi, kwenye amri ya kutolea na ya kurejeshea, nikarudia, ng’ zikarudi zote. Lugha yetu imejaa alama hiyo, kwa hiyo unapojaribu nakala yako, usiangalie ukurasa wa mbele tu. Tafuta ubeti wenye ng’ uusome.

Cheti cha HTTPS, kinachofanya mawasiliano ya blogu na msomaji yasisomwe njiani, nachukua bure kwa shirika la Let’s Encrypt. Kinadumu siku 90, na programu ya Certbot hukihuisha yenyewe. Ila tangu mwaka 2025 wameacha kutuma barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha, kwa hiyo nimeweka mfuatiliaji wa nje anayenitumia ujumbe tarehe ikikaribia au blogu ikilala.

Jina la kikoa, yaani anwani ya blogu mtandaoni, nalo lisajiliwe kwa jina lako, si la fundi aliyekusaidia, hata kama ni ndugu yako. Na barua pepe uliyojisajilia isiwe ya kikoa hicho hicho: kikiisha muda, barua za kukionya na za kukirejesha zote zitakwenda mahali ambapo hapapo tena. Mimi nimetumia barua pepe nyingine kabisa, na mpwa wangu ana njia ya kuifikia. Yeye ndiye ninayemwachia sasa zoezi la kurejesha nakala, nami nikikaa kando bila kugusa kibodi. Mashairi haya ni ya familia za watu, na lazima awepo mwingine anayeweza kuyasimamisha upya bila kuniuliza.