Chokaa, choo na chombo: siku tatu nikisaka uchovu wangu

Imekubali! Saa 8 usiku, Mikindani nzima imelala, na mimi ndiyo kwanza nimepata hesabu ya uchovu wangu inayoeleweka.

Shajara yangu ni maandishi matupu ya kwenye simu, kila nikiandika faili moja, tangu 2019. Kuyaunganisha kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hakukuwa na kisa. Nilitaka kujua jambo moja tu: ni miezi ipi huwa naandika kwamba nimechoka.

Nikaanza kwa kutafuta "chok". Grafu ikasimama Agosti 2022 kama mnazi. Nikajionea huruma, kumbe ndio mwezi tuliokarabati nyumba ya bibi, ile ya mawe, na kila siku naandika: "Chokaa imekwisha. Fundi kaondoka." Ongeza na watoto wa jirani wanaochokoza mbuzi.

Nikalazimisha neno liishie na "choka". Afadhali. Lakini siku moja ya Julai ninayoikumbuka vizuri, tulipopuliza salfa kwa mjomba kule Newala mpaka macho yakawasha, ikaja sifuri. Nikalifungua faili: "Kazi imenichosha. Uchovu mtupu." Nikajishika kichwa. K imegeuka sh kwenye kuchosha, imegeuka v kwenye uchovu. Kinachobaki salama ni "cho", na ukitupa wavu wa "cho" unavua choo, chombo, chochote, kichocho na uchochoro.

Nilijaribu na kile kikatio cha maneno cha Porter, cha mwaka 1980, yaani kanuni za kompyuta za kulipunguza neno libaki shina. Kimetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, kazi yake kukata mikia ya maneno. Sisi mzigo tunajitwika kichwani: nime-, sija-, tuka-. Hakikugusa kitu cha maana, nikakifuta. Wanaokisifia sijui wanaandika shajara kwa lugha gani.

Dawa ikawa ya kizamani. Nikatoa orodha ya maneno yote yenye "cho", kila neno mara moja, yakafika 340, nikakaa nayo barazani na kalamu. Hapo ngeli zikanibeba. "Limechoka" ni tairi la nyuma. "Imechoka" ni betri, au suruali. "Amechoka" ni mwenzangu, apumzike. Yangu ni yale ya ni- na tu-, pamoja na "imenichosha", ambayo "ni" yake imejibanza katikati na ilinila jioni nzima. "Sijachoka" nimeiwekea kapu lake, ingawa nikizisoma upya siku hizo naona wazi nilikuwa najikaza tu.

Jibu? Oktoba na Novemba, tukiokota korosho toka alfajiri, sikulalamika sana. Kilele ni Februari, palizi ya mihogo. Na nilishaapa mbele ya watu kwamba ni korosho!

Kesho nilipanga kuchora grafu ya rangi. Isubiri kwanza. Nimegundua programu ya simu inagonga saa za UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, saa tatu nyuma yetu, kwa hiyo kila nilichoandika kati ya saa 6 na saa 9 usiku kimeangukia jana yake. Halafu ndani ya maandishi yenyewe nakuta: "Nimerudi saa 4, hoi." Saa 4 asubuhi au usiku? Na "hoi" nayo sikuihesabu. Nimeshafungua folda mpya.