Magunia ya korosho chini ya hema: kulala nje Newala wakati wa kipupwe

Mtu wa Mtwara mjini hana sababu ya kumiliki sweta. Hata Julai, kusi likivuma na watu wa Shangani wakianza kulalamika baridi, shuka moja linatosha, na kinachobadilika ni kwamba feni inapumzika. Panda Newala ndipo utajua. Mji uko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, na upepo unaofika pale umeshakata uwanda mzima bila kukutana na kizuizi cha maana. Kuanzia Juni hadi Agosti wenyeji wanatembea asubuhi na makoti, wengine wamejifunga kitenge juu ya koti, na hakuna anayewashangaa.

Wazo la kwenda kulala kule kwenye hema, tena mwezi wa Julai, lilikuwa la shemeji yangu. Yeye ni mtu wa Marangu, na kwa miaka mingi amekuwa mgumu, yaani mpagazi wa watalii Mlima Kilimanjaro. Alikuja Mtwara kuwasalimia wakwe, akalalamikia joto hata katika huo mwezi wetu wa baridi, akauliza kama mkoa mzima hauna mahali ambapo mtu anaweza kulala bila kutoa jasho. Nikamtajia Newala. Binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Dar naye akadandia. Hema lilikuwa la shemeji, vigodoro vyembamba vya sponji pia vyake. Mifuko ya kulalia tuliinunua mnadani kwenye mitumba, ikiwa bado na lebo zake.

Lebo hizo shemeji alizisoma kabla hatujalipa. Alituonyesha kwamba mfuko wa maana huandikwa viwango zaidi ya kimoja: kile cha mtu kulala kwa raha, na kile cha mwisho ambacho mtu anakivumilia akiwa amejikunyata. Wauzaji hupenda kutaja hicho cha mwisho. Binamu alikuwa ameng'ang'ania mfuko wa "nyuzi tano chini ya sifuri" akidhani amepata tanuri. Shemeji akamwambia hizo tano ni za kutokufa, raha yake iko juu zaidi. Kwa Newala ulitosha na kubaki, lakini nilifurahi kuona uso wa muuzaji.

Safari yenyewe sina mengi ya kusema. Kutoka Mtwara lami ilikuwa nzuri hadi Mnivata, halafu vumbi na matengenezo, Tandahimba mnashuka kunyoosha miguu, mnanunua korosho za kukaanga kwa vijana wanaokimbilia madirishani, kisha mikorosho pande zote mbili hadi mnafika.

Tulikwenda moja kwa moja Shimo la Mungu, kama kila mgeni anavyofanya. Ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa ni bonde linalokwenda hadi Mto Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Binamu alitaka tusimamishe hema palepale, kwa ajili ya picha. Shemeji alilamba kidole, akakiinua hewani, akacheka. Akasema ukingoni upepo utatuondolea joto usiku kucha, na mtu akitoka kwenda kujisaidia gizani huenda asirudi. Tukashauri basi tushuke kidogo, kwenye kibonde kilichokuwa kimejificha. Hapo napo akakataa. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, usiku ukitulia inateremka na kutuama mabondeni. Alitaka mahali palipoinuka kidogo, penye kinga ya miti upande wa upepo.

Ndivyo tulivyofika kwenye shamba la bibi mmoja, nje kidogo ya mji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnakwenda wapi na mizigo hiyo?"

Tukaeleza kwamba tunaomba kulala shambani kwake, chini ya mikorosho, tuna hema letu.

"Nyumba ninayo, vyumba vipo. Mlale nje mmekosa nini? Mmefukuzwa?"

Ilichukua muda kumwelewesha kwamba watu wazima wenye akili timamu wanaweza kutaka kulala nje kwa hiari yao. Alikubali kwa sharti kwamba twende kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji tukajitambulishe, jambo ambalo namshauri yeyote anayelala nje ya nyumba ya wageni alifanye, maana taa zinazotembea usiku shambani huzua maneno.

Kuchagua mti kulitugharimu nusu saa. Shemeji alitaka mkorosho wenye kichwa kipana, kwa sababu ya umande: kwenye uwazi, ardhi na hema hupoteza joto kuelekea angani usiku usio na mawingu, vikapoa kuliko hewa yenyewe, na unyevunyevu wa hewa ukawa matone juu yake. Chini ya majani mazito joto hilo halitoki kirahisi. Bibi kwa upande wake alikuwa anaangalia kitu kingine, viota vya maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Wakulima wanawapenda kwa kuwa wanafukuza mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi ya mti, lakini hawachagui wa kumng'ata. Mti wa kwanza ulikuwa na viota vitatu. Wa pili ulikuwa msafi.

Sasa hapa ndipo nilipojifunza jambo lililonifaa kuliko yote katika safari ile. Bibi alituona tunatandika turubai juu ya mchanga, akauliza hivyo vigodoro vya unene wa kidole ndivyo tutakavyolalia. Akaingia ndani, akatoka na magunia ya jute ya korosho, yale mazito, yaliyobaki msimu uliopita. Shemeji aliyapokea kwa mikono miwili. Alisema watalii wanapanda mlima wamenunua mifuko ya manyoya ya ndege ya mamilioni ya shilingi, halafu wanatetemeka kwa sababu ya kilicho chini yao. Manyoya yanafanya kazi kwa kushika hewa, na ukiyalalia yanabanwa, hewa inatoka, upande wa mgongoni unabaki kitambaa tu. Ardhi inakunywa joto lako polepole hadi asubuhi. Blanketi ya pili ukijifunika juu haisaidii chochote kwa hilo.

Tukapanga hivi: turubai chini, ncha zake zimekunjwa kwa ndani zisitokeze nje ya hema zikakusanya maji, juu yake magunia mawilimawili, nyuzi za tabaka la juu zikikatiza za tabaka la chini, kisha hema. Ndani mkeka wa ukindu, juu ya mkeka vigodoro. Nilipiga goti kujaribu. Ubaridi wa mchanga haukupenya tena. Gunia la jute lina nyuzi nene zenye matundu, na matundu yote yale ni hewa. Sijui kwa nini mtu wa Mtwara anunue kitu kingine.

Chakula cha jioni kilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu kwa bibi, na baadaye ming'oko, yaani mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, ambayo shemeji alikuwa hajawahi kuiona. Alikula kwa mashaka, halafu bila mashaka. Kabla ya kulala alitulazimisha tule korosho, kiganja kizima kila mtu. Mafuta huchukua muda kumeng'enywa na mwili unaendelea kuchoma kitu usiku. Huko mlimani, alisema, kwenye kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, mtalii anayekataa kula jioni ndiye atakayekuwa analia baridi saa sita usiku, wakati wa kuondoka kwenda kileleni.

Maji juu ya uwanda huu hayachezewi. Mvua ikinyesha inazama kwenye mchanga, na nyumba nyingi zina visima vya kukingia maji ya paa. Kwa hiyo shemeji aliposema anataka kuchemsha lita tatu kwa ajili ya kulala nazo, bibi alikunja uso. Akaelezwa kwamba asubuhi yatatumika kunawa, hakuna kitakachomwagwa. Tukayajaza kwenye chupa ngumu zenye vifuniko vya kukaza, kila moja ikavishwa soksi isiunguze ngozi. Ya kwangu niliiweka kati ya mapaja, mahali ambapo mishipa mikubwa ya damu inapita karibu na ngozi. Baada ya dakika chache hata vidole vya miguu vilipata habari.

Ugomvi ulikuwa kuhusu jiko. Binamu alitaka tuliingize hemani, mkaa ulikuwa umebaki mwekundu tu bila moshi, na akasema dada zake hulala nalo chumbani masika yote. Shemeji, ambaye ni mtu mpole, alilichukua jiko akalipeleka mbali mpaka karibu na ukuta wa bibi. Mkaa usio na moshi ndio mbaya zaidi kwa sababu haukushtui. Unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika. Mtu anasikia usingizi mtamu, basi. Bibi alisikiliza, akasema kimya kimya kwamba anajua familia moja. Binamu hakuuliza tena.

Kuna mambo mengine shemeji aliyasimamia kwa ukali usio wa kawaida yake. Nguo za mchana, zenye jasho la kubeba mizigo, zilivuliwa zote, hata zile zilizoonekana kavu, kwa sababu pamba inashika unyevu na unyevu unanyonya joto. Tukavaa kavu, soksi za sufu, kofia. Kabla ya kuingia mfukoni tuliruka papo hapo kama watoto wa chekechea mpaka tukahema, kwani mfuko hautengenezi joto, unatunza lile uliloingia nalo. Kibofu kikijaa, toka, usivumilie. Usifiche pua ndani ya mfuko, maji ya pumzi yataulowesha. Na madirisha mawili ya juu ya hema yaliachwa wazi nusu, jambo lililomuudhi binamu tena, hadi alfajiri alipopapasa kitambaa cha ndani akakuta kina unyevu kidogo tu. Tungelifunga, pumzi za watu watatu zingetudondokea usoni.

Usiku wa manane simu yangu ilisema nyuzi 15. Shemeji alikoroma amejifunika nusu.

Kilichotuamsha ni mngurumo wa mashine. Saa kumi na moja na nusu kijana wa bibi alikuwa ameshavaa pampu mgongoni, anapuliza salfa. Inabidi iwe saa hizo, upepo ukiwa umelala na majani yana umande, ili unga ushike. Adui ni ubwiri unga, ukungu mweupe unaokausha maua ya mikorosho, na ubwiri unga unapenda hasa hali ile tuliyokuwa tunapambana nayo sisi: ubaridi na unyevu wa kipupwe. Tulitoka mbio na vitambaa puani, tukamwomba aanzie mistari ya mbali. Alikubali huku anacheka. Hema likabaki na rangi ya manjano upande mmoja, na harufu ya kiberiti ambayo bado ipo.

Maji ya chupa yalikuwa na uvuguvugu. Tulinawia, yaliyobaki bibi akawapa kuku.

Kuondoka kulichelewa kwa ajili ya magunia. Gunia la korosho likihifadhiwa na unyevu linaota ukungu, na msimu wa mauzo ukifungua Oktoba halitafaa, hivyo tuliyaanika juani na kuyageuza hadi saa nne, bibi mwenyewe akiyapapasa moja baada ya jingine kabla ya kuyapokea. Alikataa pesa ya malazi. Pesa ya kuni aliipokea, akaihesabu. Basi la asubuhi lilikuwa limekwenda, tukabanana kwenye Noah ya Masasi, na hadi tunafika shemeji alikuwa anamuuliza dereva wapi anaweza kununua magunia ya jute kumi ya kupeleka Marangu.