Mkeka wa Jumatano

Kila Jumatano mkeka wa kliniki yetu hapa Moshi hujaa watoto ambao kadi zao zimeandikwa maneno yaleyale, mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo kudhurika mapema. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwanyoosha viungo, na nazidi kuona kwamba maneno hayo yanaficha mengi.

Yupo aliyekakamaa miguu tu, mapaja yamebanana na visigino havigusi chini. Mara nyingi huyo alizaliwa njiti. Yupo aliyekakamaa mwili mzima, aliyechelewa kulia alipozaliwa. Na yupo yule ambaye mikono na shingo hujipinda polepole bila yeye kutaka, masikio mazito lakini akili timamu. Huyo nikimwona tu, humuuliza mama habari za manjano, yaani kama mtoto aligeuka rangi ya njano alipokuwa mchanga, kwani manjano yakizidi huharibu ubongo.

Tangu daktari Mwingereza William John Little alipohusisha ukakamavu huu na uzazi mgumu, mwaka 1861, sura ya tatizo imebadilika sana katika nchi tajiri. Watoto wa manjano walikuwa wengi huko hadi taa za bluu, ubadilishaji wa damu na, kuanzia mwaka 1968, sindano ya kuwakinga akina mama wenye damu ya Rh hasi (aina ya damu inayoweza kupigana na damu ya mtoto na kumletea manjano) vilipowafanya kuwa nadra. Nafasi yao ikachukuliwa na njiti waliookolewa. Kwa hiyo hesabu ilibaki karibu watoto 2 katika kila 1,000 kwa miongo kadhaa, ingawa watoto wenyewe walikuwa wengine kabisa. Ni hivi karibuni tu imeshuka hadi karibu 1.6.

Huku kwetu vipindi vyote hivyo vimeketi mkeka mmoja. Walioharibiwa na malaria ya ubongo, wengi wao kutoka tambarare za chini, nawaona wachache kuliko zamani, wala si ajabu: maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini yalishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2008 hadi takriban 7 mwaka 2017. Njiti wanaongezeka, nami nalipokea hilo vizuri, kwani zamani hawakuishi hata kufika mkekani.

Manjano ndiyo yanayonikera. Mzazi wa Kichaga hutunzwa ndani kwa mtori, pazia limeshushwa (nami nilitunzwa hivyo, wala silalamiki), na katika giza hilo ngozi nyeusi ya mtoto haionyeshi kitu.

“Tulimwanika jua la asubuhi, daktari,” bibi mmoja aliniambia wiki iliyopita, mjukuu wake wa miaka sita akiwa mapajani. Mkwewe ni mjamzito tena. Nikawaonyesha wote wawili: fungua pazia, bonyeza ncha ya pua, achia, tazama rangi inayobaki, ikiwa ya manjano siku ya kwanza, au ikifika viganjani na nyayoni, msisubiri jua, nendeni hospitali. Bibi akajaribu kwenye pua ya mjukuu, naye akacheka huku akijipinda.