Kumwachisha mtu kazi: tajiri mdogo huangushwa na karatasi

Wenye mashine za mbao Mafinga, magereji ya Mbeya na maghala ya Makambako hushindwa kesi za kazi huku sababu ya kumfukuza mtu ikiwa nzuri kabisa. Dizeli kweli imeibwa na aliyeiba anajulikana. Kinachokosekana ni ushahidi kwamba kabla ya kuambiwa "kesho usije" alipewa nafasi ya kujitetea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. (Nakala uliyochapa kabla ya marekebisho ya 2025 usiitegemee tena.)

Chunguza kwanza, kisha andika tuhuma: tarehe, saa, lita ngapi, nani aliona. "Utovu wa nidhamu" peke yake si tuhuma. Mpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 na umruhusu aje na mwenzake. Barua asaini kwamba ameipokea. Akigoma, wasaini walioshuhudia akigoma.

Ugumu uko kwa mwenyekiti wa kikao. Kwenye dingdong, yaani mashine ndogo ya kupasua mbao, yenye watu 5, tajiri ndiye aliyemkamata mtu, ndiye shahidi, halafu ndiye anayehukumu. Kikao cha namna hiyo kinavunjwa kwa swali moja tu. Afadhali uombe mtu mwenye uzoefu wa usimamizi kutoka nje, asiyehusika na tukio, akiongoze. Muhtasari uwe na maswali na majibu yenyewe. "Alikiri kosa" bila maneno yake na saini yake haikusaidii. Uamuzi utoke kwa maandishi, ukitaja sababu na haki ya kukata rufaa.

Kuna wanaojitetea kwamba "huyu ni kibarua tu." Aliyekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita anachukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka uthibitishe vinginevyo. Saa 45 ni kama siku 5 za kupanga mbao! Na ikiwa huna mkataba wa maandishi, akidai mlikubaliana mshahara fulani, kukanusha ni kazi yako.

Aliye chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo haki, ila mshahara wa siku alizofanya na notisi viko palepale. Notisi ni siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza. Baada ya hapo ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na 4 kwa wa siku au wiki.

Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa mshahara wa 400,000 na kazi ya siku 6 kwa wiki, gawanya kwa 26, yaani siku za kazi kwa mwezi. Miaka 6 inakuwa siku 42, yaani kama 646,000. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Fidia ya kuachishwa isivyo haki ndiyo ya kuogopa, kwa sababu huhesabiwa kwa miezi ya mshahara.

Usisahau nauli. Uliyemchukua Tukuyu ukamwachisha Mafinga, unamrudisha na mizigo yake au unamlipa nauli, pamoja na posho ya kujikimu tangu siku ya kumwachisha hadi asafiri. Ukichelewa miezi, posho nayo inapanda. Nauli ilipwe siku hiyohiyo, kwa risiti.

Uliyemwachisha ana siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine ni siku 60. Wito wa Tume usiuweke kabatini: usipofika, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, na tuzo, yaani uamuzi wa Tume, hukaziwa kama hukumu ya mahakama. Kuipinga Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, una wiki 6. Mkielewana kwenye usuluhishi, andikeni kiasi, tarehe ya kulipa, na kwamba madai yote yamekwisha, kisha lipa kwa benki au simu ili kumbukumbu ibaki.