Pete ya milimita 71

Mimi ni fundi cherehani. Nashona madera, sare za shule na magauni ya harusi hapa Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa 31. Nimepima viuno vya wanawake wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini mwili wangu mwenyewe, mpaka nafika miaka 56, sikuwahi hata siku moja kuchukua kioo nikajitazama kule chini.

Ilianza Ramadhani ya mwaka juzi, oda za Idi zimenielemea. Nikishinda kwenye cherehani, ikifika alasiri nasikia uzito wa chini ya kitovu, ule wa mtu anayekaribia kuingia mwezini. Nami hedhi nimekoma miaka 5 nyuma. Jioni moja najisafisha chooni, mkono ukagusa kitu. Laini, kinateleza, ukubwa wake yai la kuku wa kienyeji. Nikasema basi, huu uvimbe, nimekwisha. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikagusa tena: hakipo, kimerudi ndani. Alasiri kikashuka tena, kama mfanyakazi anayejua zamu yake.

Somo yangu aliponiweka ndani kabla ya harusi alinifundisha mengi, mengine mpaka leo nikiyakumbuka naona haya peke yangu. Hili hakunifundisha. Nadhani naye hakufundishwa.

Nikaficha karibu mwaka mzima. Fundi hakosi ujanja: nikajishonea chupi ya pamba yenye lastiki pana, katikati nikaweka mito miwili ya khanga kuukuu, nikabana. Ilinisaidia mpaka saa sita mchana hivi, halafu joto la Tanga na jasho vikafanya kazi yake, nikababuka. Mkojo nao ukawa na masharti. Nakaa, hautoki mpaka nikisukume kile kitu ndani kwa kidole. Nikisimama, matone yanafuata, udhu umevunjika. Raha yangu ilikuwa kwenye sijda. Ukiinamisha kichwa na kuinua kiuno, kitu kinarudi chenyewe na uzito unaondoka. Nikawa narefusha sijda, baba watoto akadhani mke wake amezidi ucha Mungu.

Hospitali ya kwanza niliyokwenda sitaitaja. Muuguzi mmoja, kijana wa umri wa mwanangu wa nne, alipaza sauti ukumbini watu wamejaa kwenye mabenchi: "Bibi huyu kizazi kimetoka!" Nikaambiwa dawa ni kukatwa kizazi tu, niandikishe jina. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka, nikapanda bodaboda nimekaa upande kwa maumivu ya aibu zaidi kuliko ya mwili.

Binti yangu wa Dar es Salaam ndiye aliyenivuta kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Daktari naye mwanamke, kijana vilevile, lakini yeye alifunga mlango kwanza. Akanilaza, akaniambia nikohoe, nijikamue kama naenda haja. Kisha akanichorea kwenye karatasi. Si uvimbe. Kibofu cha mkojo kimeegemea ukuta wa mbele wa uke mpaka ukuta ukalegea ukashuka, na kizazi kimekifuata nyuma. Daraja la 3, kati ya madaraja 4. Sababu akazitaja moja moja nami nikawa naitikia tu: uzazi wa mara 5, wa kwanza nilihangaika nao siku mbili kijijini, mtoto wa kilo 4, ndoo za maji za lita 20 kichwani tangu nina miaka kumi, choo kigumu cha miaka mingi, halafu hedhi ikikoma, misuli na ngozi ya kule ndani inakosa homoni inayoishikiza. Mshono uliovutwa kila siku, siku moja unaachia.

Akasema njia zipo. Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga nifanye, lakini kwa daraja langu mazoezi peke yake hayatakipandisha. Upasuaji upo, na si lazima kizazi kitolewe. Na ipo pesari, yaani pete inayowekwa ndani ya uke ikashikilia vilivyoshuka. Mimi nina presha, na duka langu ni mimi. Wiki sita bila kunyanyua kitu wala kukaa cherehanini nani ananilisha? Nikamwambia tujaribu pete.

Nilimuuliza: "Mwanangu, mbona sikuoni na futi?" Akacheka. Akasema hapa wanapima kwa vidole viwili, kisha wanajaribisha, kama mimi dukani. Akaongeza kwamba Wagiriki wa kale walikuwa wanaweka nusu ya komamanga lililochovywa kwenye siki. Mpaka leo nikiona komamanga sokoni natabasamu mwenyewe.

Pete yenyewe ni ya silikoni, duara tupu, ukiibana katikati inakunjika, ukiiachia inarudi. Ya kwanza ilikuwa milimita 65. Akaniweka, akanituma nitembee ukumbini, nipande ngazi, nichutame, nikohoe, nikojoe, ndipo niondoke. Yote nikafaulu. Siku ya tatu, nyumbani kwa binti yangu, choo kigumu kikanipata, nikajikamua, nikasikia "tap!" kwenye vigae. Pete ile, imesimama wima kama tairi, inabingirika kuelekea kwenye tundu. Niliidaka kwa mguu. Fundi wa miaka 31, sijawahi kudaka kitu kwa wepesi ule.

Tukarudi. Akajaribu 74. Hiyo nilijua kabla sijashuka kitandani: nikikaa nasikia inanisukuma mfupa, na chooni mkojo umekataa kabisa. Nikamwambia hii inabana kwapani. Akaitoa, akaweka 71. Nikasimama. Nikangoja. Hakuna kitu. Nikadhani hajaiweka. Ndivyo alivyotaka: ikikaa sawa, nyuma ya mfupa wa kinena, huisikii. Ukiisikia, kipimo si chako au imekaa upande. Milimita 71 ni karibu inchi 2 na robo 3. Katika kazi yangu tofauti ya milimita 3 naimaliza kwa pasi. Kule ndani ilikuwa ndiyo tofauti ya kukojoa na kutokojoa.

Kujifunza kuitoa na kuirudisha mwenyewe ndiko kulikonitoa jasho, na si kwa ugumu wake. Ni mkono. Mkono wangu haukutaka kwenda kule. Nilikaa chooni na mguu mmoja juu ya kigoda, nimenawa, kucha nimekata, nikawa nazungumza na mkono kama mtoto anayekataa dawa. Kuitoa: unachutama, unajikamua kidogo, kidole kinakamata ukingo kama ndoana, unavuta pole pole ukiishusha upande. Kuiweka: unaibana mpaka pande mbili zigusane, unapaka jeli kwenye ncha, unasukuma kuelekea mgongoni, si juu kama nilivyokuwa nafikiri. Ukiiachia inafunguka yenyewe. Mara ya kwanza nusu saa. Sasa dakika mbili.

Kila Alhamisi usiku naitoa, naiosha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, naikausha, nalala bila yake, Ijumaa asubuhi inarudi. Dawa za kuulia vijidudu za nyumbani haziigusi. Ute umeongezeka kidogo, mweupe, hilo niliambiwa ni kawaida. Ukiwa na harufu mbaya au damu, usingoje. Mimi damu ilinitokea mwezi wa pili, matone tu: pete ilikuwa imenichubua kwa sababu ngozi ni kavu. Nikakaa bila pete wiki mbili, nikapewa krimu ya estrojeni, ile homoni inayokosekana hedhi ikikoma, ya kupaka ndani, na mchubuko ukapona. Krimu nilikuwa naipaka usiku, baada ya futari, roho itulie. Daktari hunikagua kila baada ya miezi michache na sikosi nauli ya basi la Dar, kwa sababu alinieleza pete iliyosahaulika ndani miaka inavyoweza kula ukuta mpaka ikafika kwenye kibofu.

Na ndiyo, shoga zangu mnaoniuliza kwa kunong'ona huku mnajifanya mnachagua kitambaa: kwa pete ya aina yangu tendo la ndoa linawezekana nayo ikiwa ndani, au unaitoa kwanza. Zipo nyingine, zenye umbo la uyoga, hizo hapana. Baba watoto nilimwambia mwezi mzima baadaye. Akanyamaza, akauliza inauma? Nikasema haiumi. Akasema basi. Kesho yake akanunua pipa la maji na kumlipa kijana wa mkokoteni, ndoo akanikataza.

Pete haijanitibu. Nikiitoa Alhamisi usiku nikachelewa kulala, yai langu lipo palepale. Choo kigumu bado napambana nacho kwa mapapai na maji mengi, na nikipiga chafya ghafla natoa tone. Lakini Idi iliyopita nimeshona madera 43, nimekaa kwenye cherehani mpaka saa nne usiku.

Alhamisi ya juzi niliianika kwenye kisahani dirishani, mjukuu wangu wa miaka 4 akaamka kabla yangu. Nilipotoka nikamkuta barazani kwa babu yake, pete mkononi, anazungusha kiwiko: "Babu, ona bangili ya bibi." Mzee wangu ameshika kikombe cha kahawa, ananitazama mimi, anatazama mkono wa mtoto, kisha akasema, "Imekupendeza, mrudishie bibi yako, anaihitaji."