Jumamosi Saa Tatu na Nusu

Bibi yangu alizikwa Tanga, Jumanne moja ya mwezi wa kwanza. Mimi nilikuwa kituo cha basi Aberdeen, kaskazini mwa Uskoti, simu mkononi, betri imebaki asilimia 11. Mtoto wa mjomba alikuwa amenishikia simu upande wa pili. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nilichokiona ni kile kile ambacho ningekiona hata kama ningekuwepo: jeneza likitoka mlangoni, wanaume wakilipokezana mabegani, tahalili ikipanda kisha ikififia kuelekea barabarani. Ila wenzangu waliobaki ndani walikuwa wameshikana. Mimi basi lilifika, nikapanda, nikaonyesha tiketi.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Unamwamsha mtu, unamwosha, unampa dawa na chakula, unaandika kwenye simu ya kazi, unakimbilia nyumba nyingine. Siku ile nilikuwa na wazee sita na niliwahudumia wote sita. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nyumba ninayoishi tumepanga watu watano, kila mmoja na chumba chake na ufunguo wake. Tunajuana kwa sauti za maji ya bomba na harufu za jikoni. Saa kumi jioni giza limeshaingia. Nilikaa kitandani na koti langu, nikawaza kwamba kule Tanga, mtaani Ngamiani, muda huu mikeka imetandikwa mpaka nje, majirani wamechukua jiko, hakuna mfiwa anayeachwa hata kumimina maji mwenyewe. Msiba wangu mimi haukuwa na mkeka.

Nataka kusema jambo hili vizuri kwa sababu nadhani wengi wetu tunaobeba boksi huku tunalijua lakini hatuliiti kwa jina. Mchana kutwa nilikuwa na watu. Nilikuwa nikishika mikono ya watu, nikichana nywele za watu. Kilichokosekana ni mtu ambaye, siku nisipofika mahali, angeuliza kulikoni. Kazini wangeuliza, ndiyo, lakini wangeuliza kuhusu zamu. Ningeweza kukaa chumbani kuanzia Ijumaa usiku mpaka Jumatatu na pasiwe na nafsi hata moja katika mji huu yenye kugundua.

Na nyumbani nilikuwa nadanganya. Mama akipiga, namwambia niko salama, kazi nzuri, baridi tu ndiyo kali. Nilijua akijua ukweli ataona haya kupokea hela ninayotuma, na ada za wadogo zangu zilikuwa zinatoka hapo. Uongo wa namna hiyo unaanza kama huruma, halafu unageuka ukuta. Miezi ikapita nikawa sina mtu wa kumwambia kweli katika lugha yoyote.

Aliyenishtukia ni mmoja wa wazee wangu. Watu wa huku hawakuamkii kwa Kiingereza cha shuleni. Wana lahaja yao, wanaiita Doric, na salamu yake ni "Fit like?" Maana yake ni hujambo, na jibu lake ni kama sijambo yetu, unasema si vibaya hata kama mambo ni mabaya. Asubuhi moja aliniuliza "Fit like?" nami nikafungua mdomo nijibu nikashindwa. Machozi yakatoka. Alinishika mkono, tukakaa kimya muda wote niliotakiwa kumtandikia kitanda. Halafu akaniambia nishuke ufukweni siku nikipata nafasi, maana upepo wa pale utanipiga lakini nitalala.

Nilikwenda Jumapili yake. Aberdeen ina bahari, na hilo lilikuwa limeniuma tangu nifike, kwa sababu si bahari ninayoijua. Mimi nimekulia Raskazone, ufukweni Tanga, mahali unapoingia majini umevaa kanga na kutoka bila kutetemeka. Hii Bahari ya Kaskazini ina rangi ya bati. Kuna barabara ndefu ya waenda kwa miguu kando ya maji, upande mmoja inakwenda hadi Footdee, kijiji cha zamani cha wavuvi karibu na mlango wa bandari. Nilitembea. Baridi ikanipenya mpaka nikaanza kukimbia ili nipate joto, kutoka nguzo moja ya taa hadi ya pili, na viatu vyangu vya kazi.

Nilipofika nguzo ya nne nilikuwa nalia kwa sauti, na hakuna aliyenitazama, kwa sababu upepo ule unamtoa kila mtu machozi. Sijui kama ninaweza kueleza ile faraja. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile nililia hadharani, katikati ya watu, bila kumtisha mtu. Usiku huo nililala saa sita mfululizo.

Nikaendelea. Nilipata raba kwenye duka la mitumba la hisani. Nikapakua kwenye simu ule mpango wa kuanza kukimbia ambao huduma ya afya ya hapa inautoa bure: wiki tisa, mara tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo hivyo kwa dakika 20. Nilikuwa nakimbia kwa nguvu zote kama mtoto aliyetumwa dukani, na wiki ya tatu mifupa ya mbele ya miguu ikaanza kuniuma hata kushuka ngazi.

Hapo ndipo alipoingia dada wa Kakamega. Tulikutana duka la vyakula vya Kiafrika, mimi nimesimama mbele ya mfuko wa unga, nyuma yangu mtu anamaliza simu kwa Kiswahili: "Haya basi, wasalimie wote." Nikageuka, nikamwambia samahani, akacheka. "Wewe ni wa Tanzania. Nimejua tu na hiyo samahani." Ni muuguzi, ana miaka saba hapa. Aliniona ninavyochechemea, akaniuliza, nikamweleza yote pale pale kati ya unga na maharage, pamoja na habari za bibi ambazo hakuziuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ninakimbia kasi mno, mtu anayeanza akimbie mwendo ambao anaweza kuongea. "Na usikimbie pekee yako. Si ukuje Jumamosi?"

Jumamosi aliyokuwa akiisema ni parkrun. Kwa asiyeijua: ni kilomita 5, bure, kila Jumamosi asubuhi, huku Uskoti saa tatu na nusu. Unajiandikisha mara moja tu, unapewa msimbo wa mistari unaouchapisha, basi. Wanaoiendesha wote ni wa kujitolea. Ilianza tarehe 2 Oktoba 2004, Bushy Park, London, kwa wakimbiaji 13. Mwanzilishi wake, Paul Sinton-Hewitt, alizaliwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, akasoma Afrika Kusini, kisha akahamia Uingereza. Alikuwa ameumia hawezi kukimbia, na mambo yake hayakuwa mazuri, akataka sababu ya kuendelea kuonana na marafiki zake kila wiki na kunywa nao kahawa. Niliposoma habari hiyo niliiweka simu chini. Jambo hili ambalo sasa liko katika nchi nyingi duniani lilianzishwa na mtu aliyetoka bara letu, aliyeogopa kubaki peke yake.

Ile Jumamosi ya kwanza nilivaa mtandio mwepesi, glavu mbili juu ya nyingine, na hofu. Waliita wageni wa siku hiyo tusogee mbele watueleze njia, wakatupigia makofi hata kabla hatujafanya kitu. Tukaanza, na ndani ya dakika chache kundi lote likanipita. Nilidhani nitageuka nirudi kituo cha basi. Ila nyuma yangu kulikuwa na mzee mmoja mwenye kizibao cha rangi, mstaafu, anatembea bila haraka. Kazi yake siku hiyo ilikuwa hiyo tu: kuwa wa mwisho. Kila wiki mtu mmoja anajitolea kumaliza nyuma ya kila mtu, ili pasiwepo mgeni anayeachwa njiani. Tulitembea na kukimbia pamoja zile kilomita mbili za mwisho. Aliniuliza jina langu, akalikosea, akaniomba nilirudie mpaka akalipata. Nilimaliza kwa dakika 47. Walikuwa bado wako pale wote wenye vizibao, hawajakunja kitu, na dada wa Kakamega anaruka ruka kwa baridi huku amenishikia koti langu.

Sikuwahi kungojwa tangu nitue nchi hii.

Kuna jambo moja lilinisumbua mwanzoni. Watu wengi hapa, kwa nia njema kabisa, wakikuona Mwafrika wanadhani umezaliwa ukikimbia. Ilibidi nieleze kwamba mimi ni mtu wa pwani, sikutoka Iten wala Mbulu kwenye wakimbiaji, na shuleni mbio nilizozijua ni za kuwahi namba. Lakini Septemba 2025 nilifurahi kuhusishwa. Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo kwa saa 2:09:48, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu za mia ya sekunde, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Huku ilikuwa usiku wa manane. Niliamka nikakuta simu imejaa, nusu kutoka nyumbani na nusu kutoka kwa watu wa mbio, na yule mzee wa kizibao alikuwa ameandika jina la nchi yangu kwa herufi kubwa. Nilikwenda kazini siku hiyo nimetembea wima.

Ukweli kwa mama niliusema mwezi wa nne. Nilimpigia nikiwa ufukweni, nikamgeuzia simu aone maji. Nikamwambia, mama, huku nimekuwa mpweke sana, mpaka nimeumwa. Alikaa kimya, halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na sasa unaye mtu wa kukupikia uji ukiugua?" Nikamwambia ninaye, tunakimbia mbio pamoja. Akasema alhamdulillahi, tukalia wote, kisha akataka kujua hiyo mbio inalipa kiasi gani.

Mbio hazikufanya kila kitu, nisije nikamdanganya mtu. Wakati wa baridi kali nilikwenda pia kwa daktari, na ninawaomba wenzangu muende, hakuna aibu. Nchi hii ilifika mahali mwaka 2018 ikateua waziri wa kushughulikia upweke, basi elewa kwamba hata wenyeji unawaua. Tumieni vitamini D: ushauri wa afya hapa ni mikrogramu 10 kwa siku kuanzia vuli mpaka baridi iishe, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kuitumia mwaka mzima. Na kama uko Uingereza na usiku umekuwa mrefu kuliko uwezo wako, namba 116 123 ni ya Samaritans, watu wa kumsikiliza aliyezidiwa, haikatwi hela, saa zote. Mimi niliipiga usiku mmoja wa Februari. Nilisikilizwa na mtu nisiyemjua kwa muda ambao sikuuhesabu, mpaka nikaweza kulala.

Jumamosi iliyopita sikwenda. Mwenzangu kazini aliugua, nikaitwa saa kumi na moja alfajiri, nikasahau kumwambia mtu. Saa nne na robo nikiwa jikoni kwa mzee ninamkorogea uji wa shayiri, simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Dada wa Kakamega: "Uko wapi? Uko salama?" Mzee wa kizibao: amesimama mstari wa kumalizia, hajaniona. Na mama mmoja wa Kipolandi ambaye hatujawahi kuongea zaidi ya salamu, aliuliza kama mguu umenirudia kuuma.

Jioni mlango ukagongwa. Dada alikuwa na chapati nne ndani ya foili, hakuingia, alikuwa anawahi zamu ya usiku. Nilizifungua jikoni zikiwa bado zina moto. Mwenye chumba cha pili, ambaye kwa mwaka mzima nimemjua kwa sauti ya maji tu, aliingia kuchemsha chai. Nikamsogezea sahani.