Nilivyofanikiwa kupika pollo alla cacciatora nyumbani bila divai

Nakaa Perugia huku Italia, huu mwaka wa 4 sasa, na chakula nilichokua natamani muda wote kukiweza ni pollo alla cacciatora, yaani kuku wa kiwindaji. Kila mkoa wana yao. Toscana wanaweka nyanya na divai nyekundu, huku Umbria na kule Lazio wengi wanapika nyeupe bila nyanya kabisa, ni siki, kitunguu saumu, rozimari na zeituni basi. Mi divai haiingii jikoni kwangu ndo maana nilichelewa kujaribu, wakati huo nilijua bila divai hamna kitu.

Mara mbili za kwanza nilipika tukala lakini moyoni najua huu ni mchuzi wa kuku wa kwetu Tanga. Mtamu ila sio wenyewe. Kuku nilimchemsha kwanza na chumvi na tangawizi kama nilivyofundishwa na mama, vitunguu nikakaanga harakaharaka moto mkali, nyanya 6 nikamwaga juu. Nikamsimulia jirani yangu wa chini, bibi wa hapahapa Perugia, akaniuliza kitu kimoja tu, kuku ulimkausha? Nikamwambia signora (yaani bibi), nilimchemsha. Akasema mwanangu, Jumamosi njoo na kuku wako.

Nilienda na mapaja 6 yenye mfupa na ngozi, maana kidari kinakauka. Tukayafuta na tishu za jikoni mpaka ngozi ikawa haitelezi mkononi, chumvi, pilipili manga, halafu upande wa ngozi chini kwenye sufuria nzito yenye mafuta ya zeituni, na hapo alinishika mkono kabisa nisigeuze. Dakika 8 hivi hugusi. Ukinyanyua paja likang'ang'ania ujue bado, likishapata rangi linaachia lenyewe, na hata mlio unabadilika, mwanzo mafuta yanarukaruka sababu ya maji, baadae yanatulia kama mvua inayoishia kwenye bati.

Kuku akatolewa, kwenye mafuta yaleyale vikaingia kitunguu, karoti na seleri vilivyokatwa vidogo sana, wenyewe wanaita soffritto, moto mdogo dakika 15 nzima, mi peke yangu ningeshamwaga nyanya dakika ya 4. Kisha kitunguu saumu na kijiti cha rozimari. Nikamuuliza kuhusu siki badala ya divai, akanishangaa, kwao mama yake alikua anatumia siki siku zote! Yaani miaka yote ile nimejinyima bure. Vijiko 4 vya siki vikamwagwa, unakwangua ule ukoko wa chini kwa mwiko mpaka unayeyuka wote, unasubiri harufu kali iache kupanda puani. Rangi ya mchuzi inatoka kwenye ukoko jamani, sio kwenye nyanya. Nyanya aliniruhusu 2 tu kwa vile nazipenda. Kuku akarudi ngozi juu, maji kidogo yasimfunike, mfuniko wazi kidogo, moto mdogo dakika 40, zeituni nyeusi zikaingia dakika 10 za mwisho, chumvi unaonja baada ya hapo maana zeituni zina yake.

Tulikula na mkate wa huku ambao hauna chumvi, watu wa Perugia wanasimulia ni tangu Papa Paulo wa Tatu alipowapandishia kodi ya chumvi 1540 wakaasi. Mwanzo nilikua siupendi kabisa huo mkate, ila kwa kufutia mchuzi mzito namna ile nimeuelewa.

Kwangu nimeshapika mara 4. Ya kwanza soffritto iliungua nikiwa kwenye simu, nikaimwaga nikaanza upya, usiilazimishe ikiungua maana uchungu hautoki. Jumapili iliyopita nikamshushia signora sahani, akachovya mkate, akatafuna kimya, akasema rozimari imezidi kidogo, halafu akavuta sahani karibu.